Mkopo Usizidi Uhai wa Kifaa

(Maneno haya niliyasema kwenye mkutano mkuu wa SACCOS yetu, Dar es Salaam, kabla ya mjadala wa mikopo ya vifaa. Nimeyaandika kwa ajili ya wanachama waliokuwa wametoka kwenda kufuata soda.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, kamati ya mikopo, wanachama wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za tangu asubuhi.

Nimepangwa kati ya taarifa ya mhasibu na pilau, kwa hiyo najua wengi mnanisikiliza kwa sikio moja tu. Hilo moja linanitosha.

Mbele yetu kuna pendekezo la kuongeza kiwango cha mkopo wa vifaa na magari, na kurefusha marejesho hadi miezi 36 kwa kila kitu, simu kwa gari. Kuongeza kiwango naunga mkono. Kurefusha kwa kila kitu napinga, na nimeomba nafasi hii nieleze kwa nini. Kazi yangu mnaijua: ni yule jamaa wa kompyuta wa ghorofa ya pili. Kifaa kikiwa kizima hamniiti. Kikifa kinaletwa mezani kwangu kimefungwa kwenye mfuko wa rambo, na mwenye kifaa ananiangalia kama ndugu wa mgonjwa anavyomwangalia daktari. Nikiuliza kilinunuliwa lini, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Bado nakatwa."

Kukatwa mshahara kwa ajili ya kitu kilichokwisha kufa ndiyo jambo langu leo.

Tuanze na simu. Betri ya simu ni ya lithiamu, na inazeeka kwa njia mbili: kwa kuchajiwa, na kwa kukaa tu. Apple wenyewe wanasema betri ya iPhone 14 na za kabla yake imetengenezwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko kamili 500. Kuanzia iPhone 15 wanasema mizunguko 1,000. Mtu anayemaliza chaji yote kila siku na kuchaji kila usiku anamaliza mizunguko 500 kabla ya miaka miwili. Hapo tunazungumzia mazingira mazuri. Sasa weka simu hiyo kwenye dashibodi ya gari saa nane mchana Februari, huku inachaji, huku inaonyesha ramani. Joto linaiua betri haraka kuliko kuchaji kwenyewe. Ndiyo maana simu za madereva wa teksi za mtandaoni zinavimba mgongo. Ukiona kioo kimeanza kunyanyuka pembeni, usikibonyeze kirudi. Zima simu, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Betri si tatizo kama inatoka. Zamani ulifungua mfuniko kwa kucha, ukatoa ya zamani, ukaweka mpya, ukaendelea na safari. Leo imegandishwa kwa gundi, na fundi anaipasha simu moto ndipo aifungue. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi vinavyouzwa kwao, isipokuwa vichache, ziwe zinaweza kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Walianza na chaja: tangu mwisho wa mwaka 2024 simu zinazouzwa huko lazima zitumie USB-C, na Apple walishaanza kufuata tangu iPhone 15. Sisi hatukupiga kura Brussels, lakini leo katika nyumba nyingi waya mmoja unachaji simu ya baba, ya mtoto na spika ya jikoni. Kwa hiyo sheria za wenzetu tuzifuatilie kama tunavyofuatilia ligi yao.

Kitu cha pili kinachoua simu hakionekani kwa macho, nacho ni kuisha kwa masasisho ya usalama, yale marekebisho ya programu ambayo kampuni hututumia kuziba mianya ya wezi. Google waliahidi miaka saba kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakaahidi hivyohivyo kwa Galaxy S24 mwaka uliofuata. Simu nyingi za bei ya chini haziahidiwi hata nusu ya hapo. Baada ya hapo simu inapiga, inapokea, inacheza muziki, ila mlango wa nyuma uko wazi, na humo ndimo ilimo M-Pesa yako na programu ya benki. Simu ya namna hiyo huwezi kusema imekufa. Haifai kubeba pesa, basi.

Sisemi mnunue simu ghali. Nasema kabla hujajaza fomu ya mkopo, nenda Kariakoo, simama mbele ya fundi yeyote wa simu, mtajie aina unayotaka na umwulize: kioo chake unacho? Kama anafungua droo na kukuonyesha, nunua. Kama anakwambia "tunaagiza", hiyo simu ikidondoka mara moja tu utajua maana ya kuagiza. Hapa ndipo Tecno, Infinix na itel zilipotushika. Zinatoka kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, ambayo iliona mapema kwamba sisi tunataka laini mbili, betri ya kukaa siku nzima, na kamera isiyomgeuza mtu mweusi kuwa kivuli. Vioo vyake vimejaa kila mtaa. Mtu anaweza kuzicheka, lakini zinatengenezeka.

Na bonyeza *#06# kabla ya kulipa, ulinganishe namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, na zilizoandikwa kwenye boksi. Waliokuwepo Juni 2016, usiku ule simu feki zilipozimwa nchi nzima, wanajua kwa nini nasema.

Laptopu. Hapa nitawachosha kidogo, maana ndiko pesa nyingi za mkopo zinakopotelea kwa sasa.

Wengi wetu tunanunua laptopu za mtumba: Latitude, EliteBook, ThinkPad, zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani zikapitia Dubai. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa mashine hizi. Zina mwili mgumu, kibodi inabadilishwa, betri inatoka kwa skrubu chache. Ila tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti, na kwa prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, inataka, ukiacha chache sana, kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo maofisi ya huko yanatupa kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba, na zinakuja huku zimefutwa vumbi, zimebandikwa stika mpya, bei nzuri.

Kizazi unakijua hivi. Angalia jina la prosesa. Ukiona i5-7200U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7: kizazi cha saba. i5-8250U ni cha nane. Tofauti ya tarakimu moja tu, na kwa macho laptopu mbili hizo zinaweza kufanana kama mapacha. Muuzaji atakwambia "i5 hiyo, kaka, i5!" Ni kweli ni i5. Muulize i5 ya ngapi. Halafu wengine watakuwashia, na utaona kabisa Windows 11 inafanya kazi kwenye kizazi cha sita. Inawezekana, kuna njia ya kuruka masharti wakati wa kuiweka. Lakini Microsoft hawaihesabu mashine hiyo, na siku sasisho kubwa likikataa kuingia hakuna wa kumlalamikia.

Sasa, kama tayari unayo ya kizazi cha sita, usiitupe. Mtoto anayesoma, mtu wa kuandika barua na kutazama video, mwekee Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na ataishi nayo miaka. Na kama laptopu yako ni nzito kufunguka, kabla hujakopa mpya, muulize fundi kama ina diski ile ya zamani inayozunguka. Kuitoa hiyo na kuweka SSD, diski isiyozunguka, na kuongeza ramu kidogo, kunafufua mashine kuliko watu wanavyoamini. Hiyo ni gharama ya posho ya safari moja, haihitaji mdhamini.

Nitaje na flashi, kwa sababu kuna mwanachama ameweka humo mahesabu ya kikundi chao. Flashi ya terabaiti mbili inayouzwa bei ya chakula cha mchana haina terabaiti mbili. Ndani yake kuna chipu ya kawaida, labda gigabaiti 32, na kidhibiti kilichofundishwa kudanganya kompyuta. Unanakili faili, inakubali. Unaona majina yote yapo. Ukipita uwezo wake wa kweli, inaandika juu ya vilivyokuwepo au inatupa tu, na majina yanabaki kama makaburi yasiyo na maiti. Utagundua siku unapofungua faili. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw: inaijaza flashi mpaka pomoni kisha inasoma kila kitu upya na kukwambia kipi kimerudi salama. Inachukua saa nyingi. Ianzishe usiku, ulale.

Umeme siuzungumzii sana, mnaujua. Kinachounguza vifaa mara nyingi si kukatika, ni kurudi. Ukikatika, chomoa friji na TV, subiri utulie ndipo urudishe, au nunua kile kilinzi kinachosubiri kwa niaba yako. Na wale wanaoagiza vitu vya mtumba kutoka Japani ndani ya gari, redio, birika, pasi: kule nyumba zinatumia volti 100, sisi 230. Soma nyuma ya kifaa kabla ya kuchomeka. Harufu yake haisahauliki.

Magari. Naona sasa hata waliokuwa wanachati wameinua vichwa.

Gari la leo ni kompyuta yenye matairi, na nyingi tunazonunua ni kompyuta zilizopangwa kwa ajili ya nchi nyingine. Unawasha gari, dada anakusalimia kwa Kijapani. Wengi wanadhani anasema karibu. Mara nyingi anakwambia kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani. Miaka kumi gari liko Mbagala, dada bado anadai kadi. Redio nayo imetengenezwa kwa masafa ya kwao, kuanzia 76 mpaka 90 kwa magari ya zamani, wakati sisi vituo vyetu vinakwenda mpaka 108. Ndipo tunafunga kile kidude cha kushusha masafa. Vingine vinashusha kwa 20, kwa hiyo kituo cha 98 unakitafuta kwenye 78. Na ukibadilisha betri bila kuwa na ile kadi ya SD ya ramani, skrini inaweza kujifunga ikaandika maneno ya Kijapani isikubali hata muziki. Mwache fundi aliyezoea skrini hizo ashughulike nayo, na anayetaka kununua gari, amwulize muuzaji kama SD ipo. Kadi ndogo kama ukucha, ukiikosa unanunua redio nzima.

Hayo ni madogo. Kubwa ni ile taa ya injini ya rangi ya njano. Chini ya usukani kuna soketi ya OBD, ya kuzungumza na kompyuta ya gari, na kidude cha Bluetooth cha bei nafuu kinachomekwa pale kinasoma msimbo wa taa hiyo kwenye simu yako. Mimi ninacho, kimekaa mfukoni mwa gari. Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa bila mtu kuwa mwizi. Msimbo unasema gari limeona nini, hausemi kipi kimeharibika. Chukua P0171. Maana yake kompyuta imeona mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Fundi asiyesoma vizuri anabadilisha sensa, yaani anamfukuza mjumbe. Unalipa, taa inazimwa, wiki ya pili imewaka tena. Kosa linaweza kuwa bomba la mpira la hewa lililopasuka, kitu cha bei ya vocha, au sensa ya hewa iliyochafuka inayotaka kusafishwa tu. Fundi mzuri anaanza na kinachovuja kabla ya kuandika orodha ya spea.

Na anayekwenda kukagua gari la kununua: taa kutowaka siyo ushahidi. Msimbo unafutwa kwa sekunde tano. Lakini ukiufuta, kompyuta inafuta pia kumbukumbu za majaribio yake yenyewe, na programu itakuonyesha kwamba mengi "hayajakamilika". Gari linaloendeshwa kila siku majaribio yake huwa yamekamilika. Ukikuta yote yako tupu, muulize muuzaji betri ilichomolewa lini na kwa nini, kisha nyamaza umwangalie usoni.

Sasa mnajua kwa nini mimi ni mtu wa Toyota IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, ingawa vijana wanaiita gari ya wastaafu. Injini yake ya 1.3 na ya 1.5 ni za familia moja na za Vitz, Funcargo, Raum na Probox. Giaboksi yake ni ya kawaida ya otomatiki ya gia nne, siyo CVT, ile inayotumia mkanda badala ya gia. Spea unazipata Ilala kabla hujamaliza kutaja jina. Gereji bubu yoyote, chini ya mti wowote, ina kijana aliyekwisha kuifungua. Hakuna kitu kigeni ndani yake, na kwa mtu anayekatwa mshahara hiyo ndiyo anasa.

Vitz iliyofuata, na Nissan nyingi, zina CVT. Si giaboksi mbaya, ila ina mafuta yake. Mkiambiwa "mafuta ya gia ni mafuta ya gia", ondokeni na gari lenu. Ukitia ATF ya kawaida, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki za gia, kwenye CVT, mkanda wa chuma ndani yake unaanza kuteleza, na huo ndio mwanzo wa kununua giaboksi nyingine kwa mkopo mwingine.

Kuna aliyeniuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kuhusu magari ya umeme, hasa Nissan Leaf za mtumba. Hesabu yake inavutia sana, niwape. Uniti moja ya umeme wa nyumbani tuseme shilingi 350. Leaf inakwenda kama kilomita sita kwa uniti. Hiyo ni chini ya shilingi 60 kwa kilomita. IST kwenye foleni zetu, kilomita 12 kwa lita, petroli tuseme elfu tatu: shilingi 250 kwa kilomita. Pengo ni kubwa mno kulipuuza. Lakini Leaf za kwanza, za kilowati-saa 24, betri yake haina mfumo wa kupoza wenye nguvu, inategemea hewa tu. Ni gari lisilopenda joto kali. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Vikipungua, havirudi. Gari lenye vijistari nane ni rahisi kununua, na unaweza kukuta halikufikishi Kibaha na kukurudisha Posta bila wasiwasi. Ndani ya betri kuna moduli 48. Kinadharia unabadilisha zilizochoka. Volti ni kama 360, na nyaya za rangi ya machungwa si za kuguswa na fundi wa kubahatisha. Kwa leo, mafundi wa kuifungua betri hiyo hapa mjini ni wa kuwatafuta kwa tochi. Wakiongezeka, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye dirisha la mikopo.

Kigali wamelitatua hili kwa pikipiki kwa namna ambayo SACCOS inapaswa kuitazama. Kampuni ya Ampersand inamwachia dereva pikipiki, lakini betri inabaki ya kampuni. Dereva akiishiwa anaingia kituoni, anatoa tupu, anaweka iliyojaa, anaondoka. Maana yake kile kitu kinachozeeka haraka hakipo kwenye deni la dereva. Aliyefikiria hivyo alikuwa na akili ya mkopeshaji.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba pendekezo libadilishwe. Gari ambalo spea zake zipo na mafundi wake wapo, miezi 36, hata zaidi. Laptopu ya kizazi cha nane kwenda juu, miezi 24. Simu isizidi miezi 12, na asiyeweza kuimaliza kwa mwaka achukue ya bei ndogo. Na fomu ya maombi iongezwe mstari mmoja: jina la fundi atakayekitengeneza kifaa hiki na mahali alipo. Akishindwa kuujaza, kamati ina jibu lake.

Mjumbe wa kamati pale ananiuliza kwa mkono, na magari yaliyokwisha kukopewa? Hayo tuyapime tu. Nimekuja na kile kidude, baada ya chakula nitakuwa pale parking. Ila naomba Mama Mhasibu atangulie, maana taa yake ya injini nimeiona leo asubuhi wakati anapaki, na amebandika stika ya ua juu yake.